Nani Aliituma Radi

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, radi iliua ng'ombe wawili wa baba mdogo, kijijini kwetu Mufindi, mkoani Iringa. Mizoga ilikuwa haijafukiwa, lakini kilabuni, kwenye ulanzi, jina la bibi mmoja jirani lilishatajwa. Nilikuwepo. Nilikaa kimya. Mwezi haukuisha, bibi akahamia kwa binti yake Makambako.

Sasa naishi Mbeya, na kompyuta yangu hutengeneza radi. Si radi nzima, ni ule mwanzo wake tu, hewa inapoanza kugeuka plazma: molekuli chache zimepoteza elektroni, nyingi bado ziko nzima. Elektroni hazihesabiki, kwa hiyo nachukua sampuli na kuzirushia kete. Programu huchomoa namba ya nasibu: hii itakwenda umbali gani kabla ya kugonga molekuli? Namba nyingine: itadunda tu, au itang'oa elektroni ya pili? Kuing'oa kwenye oksijeni kunataka elektrovolti 12.1, kwenye naitrojeni 15.6. Mbinu hii huitwa Monte Carlo, kwa jina la mji wa kasino. Stanisław Ulam aliiwazia mwaka 1946, akipata nafuu baada ya kuugua na kucheza karata peke yake.

Likizo iliyopita nilimweleza baba mdogo haya yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa mwanangu, kwa nini ng'ombe wangu, na si wa ng'ambo ya bonde?"

"Ni nasibu tu, baba."

"Yaani hujui."

Alinibana kweli. Sampuli milioni hunipa wastani mzuri, lakini yeye hakufiwa na wastani; alifiwa na ng'ombe wawili waliokuwa na majina. Tena kuna jambo sikumwambia. Nasibu ya kompyuta ni ya kuigiza. Programu huanza na namba moja tunayoiita mbegu, na nikiirudia mbegu ileile, kila elektroni hugonga palepale ilipogonga jana. Humo ndani, ukiuliza nani aliituma radi, jibu lipo: ni mimi.

Hata hivyo, sijawahi kuiandikia programu ile kinyongo cha jirani. Naipa hewa, naipa nguvu ya umeme, na cheche zinatokea bila mtu kumchukia mtu. Kwa nini wako, hilo sijui. Kwamba si yule bibi, hilo najua, na sikulijulia Mbeya. Mwalimu wetu wa fizikia alikwisha kutufundisha chaji za mawingu kabla ng'ombe hawajafa. Kilabuni nilikuwa nalijua.

Nilimwuliza baba mdogo ng'ombe walikuwa wamesimama wapi siku ile.

"Chini ya mkaratusi," akasema. Akanyamaza. "Bibi yule bado yuko kwa binti yake?"

Nikasema nasikia yupo.

Basi la kurudi Mbeya lilisimama Makambako robo saa. Sikushuka.