Kabla Hamjachagua Bunduki ya Nyumbani



Mume na mke wenye shamba la viazi na ng'ombe wa maziwa upande wa Nyandarua wameuleta ugomvi wao kwenye ukurasa huu. Jirani zao walivamiwa usiku, wakapigwa na kuporwa. Tangu siku ile mume hapati usingizi. Amekuwa akilinganisha bunduki za marisau, zile tunazoziita shotigani: ipi ina mtutu mfupi wa kugeuka nao mlangoni, ipi hubeba risasi nyingi. Mke hataki hata moja ivuke kizingiti. Kila mmoja anataka aambiwe kwamba mwenzake amekosea.

Tuanze na mume, maana hofu yake si ya kuchekwa. Katekisimu ya mwaka 1992 yasema wazi kwamba anayekabidhiwa maisha ya wengine anaweza kuwa na wajibu mzito wa kuwatetea, si haki tu. Mtakatifu Thomas wa Akwino alifundisha hivyo karne nyingi zilizopita, akaweka na mpaka: nguvu itumike kwa kiasi kinachotosha kuokoa uhai, isizidi. Baba anayesimama mlangoni kwa ajili ya watoto wake hafanyi dhambi.

Sasa tuzilinganishe bunduki hizo, kama anavyotaka. Ile ya mitutu miwili ni rahisi. Unaikunja, unaona kwa macho kama ina risasi au haina, nayo hukupa milio miwili tu. Ile ya mtutu mmoja inayovutwa kwa mkono, kama Remington 870 ambayo Wamarekani wameijua tangu mwanzo wa miaka ya 1950, hubeba risasi nne, tano au zaidi, lakini mkono unaotetemeka huweza kuivuta nusu ikakwama. Fundi wa bunduki angeyaeleza haya vizuri kuliko mimi.

Lakini kuna jambo ambalo sinema zimewadanganya wengi. Husemwa kwamba shotigani haihitaji shabaha, eti marisau hutawanyika yakajaa chumba kizima. Sivyo. Katika umbali wa chumba cha kulala, hatua nne au tano, marisau huenda yakiwa karibu yameshikamana, na alama yake ukutani haizidi sana kiganja cha mtu. Ukikosa shabaha umekosa. Na yale marisau makubwa, ambayo ndiyo huweza kumzuia mtu mzima, hupenya ukuta wa mbao uliogawanya vyumba yakaendelea upande wa pili. Basi, baba, kabla ya kuuliza bunduki ipi ni bora, uliza nyuma ya ukuta ule analala nani.

Swali la mke lilikuwa dogo zaidi. "Baba watoto," alimwambia, "na ufunguo utalala wapi?" Mume alikasirika, akadhani anafanyiwa mzaha. Mimi naona hilo ndilo swali la maana kuliko yote waliyoulizana. Bunduki ikifungiwa kwenye sanduku la chuma na risasi zikawekwa kando, mume ataamka gizani, atapapasa ufunguo, atafungua, atapachika risasi, na huku mlango umekwisha kuvunjwa. Ikilala chini ya kitanda ikiwa tayari, mtoto wa miaka saba ataijua kabla ya juma kwisha. Watoto wetu hujua hata sukari imefichwa wapi! Hakuna bunduki iliyotengenezwa ikaondoa shida hiyo, iwe ya bei gani.

Tena kuna watu wa ndani. Utafiti mmoja wa California uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wanaoishi na mwenye bastola waliuawa kwa risasi na wenzi wao takriban mara saba zaidi ya wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake. Ni bastola, si shotigani, na ni Marekani. Hata hivyo, ni nani kati yetu asiyekumbuka usiku mmoja wa ndoa yake ambao anashukuru kwamba hapakuwa na kitu kama hicho karibu?

Sheria nayo haitoi cheti kwa kila mwenye hofu. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hudai sababu nzuri. Na kwa habari ya kujitetea, Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 17 hutupeleka kwenye misingi ya sheria ya Uingereza. Kwa hiyo hebu tutazame kisa cha huko. Mwezi Agosti 1999, mkulima Tony Martin wa Norfolk, aliyeishi peke yake na aliyekwisha kuibiwa awali, alifyatua shotigani ya kuvuta kwa mkono dhidi ya wezi wawili walioingia kwake usiku. Mmoja alikuwa mvulana wa miaka 16. Alipigwa mgongoni, akafa. Mwaka 2000 Martin alihukumiwa kwa kuua kwa kukusudia. Mwaka 2001 kosa lilipunguzwa kwa sababu ya hali ya akili yake, akatoka gerezani mwaka 2003. Waingereza wengi walimwona shujaa. Sikatai kwamba alikuwa ameteseka. Lakini mvulana yule alipigwa mgongoni.

Martin hakuwa na mke wa kumwuliza. Ninyi mnao wenzi. Kaeni basi, watoto wakiwa wamelala, mwulizane bila kupigiana kelele: mwizi akiwa anakimbia na televisheni, utampiga? Akiwa anamfungua ng'ombe? Akiwa ni kijana wa jirani, uliyemwona kanisani Jumapili? Kununua silaha ni kuamua mapema jambo ambalo usiku ule hautakuwa na nafasi ya kulifikiri, na matokeo yake mtalala nayo wawili kitanda kimoja. Ndiyo maana nasema mmoja akikataa, isiingie nyumbani. Hapa simwungi mkono mume, hata kama yeye ndiye aliyeona damu ya jirani.

Ila wewe mama, usidhani umeshinda. Ukimnyima mumeo bunduki umechukua nusu ya zamu yake ya usiku. Huwezi kusema hapana kisha ukageukia ukutani ukalala, ukimwacha mwenzako amekodoa macho gizani. Ni juu yako pia kutafuta fedha ya mlango, kukubali mbwa usiyempenda, kwenda kwa majirani kupanga nani atapiga filimbi na nani atakuja.

Habari za mwisho kutoka kwao ni kwamba bado hawajakubaliana. Mlango wa nyuma, ule wa mbao uliooza chini, wameung'oa na kuweka wa chuma. Fedha ilitoka kwa maziwa ya mke.