Kijana, Utasoma kwa Ajili ya Nani?

Kila mwaka matokeo ya mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mji wetu wa Kasongo hujaa vigelegele. Waliopita humwagiwa poda nyeupe kichwani hata hawatambulikani, na akina mama hucheza njiani. Kabambare, Samba na Wamaza ni vivyo hivyo. Furaha hiyo ni ya haki. Mtoto amesoma miaka kumi na miwili, na wazazi wamemlipia kwa mchele, kwa mihogo, kwa mawese yaliyosukumwa juu ya baiskeli mpaka sokoni.

Lakini siku ya pili, poda ikisha kuoshwa, baba humwita mtoto barazani na kumwuliza: «Basi, mwanangu, sasa utakwenda wapi?» Mara nyingi mtoto hana jibu. Husema: «Popote, baba, mradi ni chuo kikuu.» Jibu hilo ndilo linalotutia mashaka. Juu yake tunataka kuzungumza leo nanyi, vijana mnaomaliza sekondari, na wazazi wenu wasikie.

Zamani milango ilikuwa michache. Chuo kikuu cha Lovanium kilianzishwa mwaka 1954 karibu na Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Kile cha Elisabethville, ndiyo Lubumbashi, kilifuata mwaka 1956, na cha Stanleyville, ndiyo Kisangani, mwaka 1963. Wakati wa Uhuru, mwaka 1960, Wakongomani waliokuwa wamemaliza chuo kikuu waliweza kuhesabiwa upesi. Leo mambo yamegeuka. Kindu kuna chuo kikuu, kuna chuo cha kufundisha walimu na chuo cha kazi za uuguzi. Bukavu kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki tangu mwaka 1989. Na vyuo vidogo vimeota kila mahali kama uyoga baada ya mvua. Taabu ya babu zenu ilikuwa kukosa mlango. Taabu yenu ni kwamba milango ni mingi, na mingine nyuma yake hakuna nyumba.

Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Mwenye akili huketi kwanza, akahesabu gharama, asije akaweka msingi tu na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Basi, tuketi tuhesabu.

Kwanza, hesabu ya feza. Wazazi wengi huhesabu mwaka wa kwanza tu. Huuza mbuzi, hukopa kwa shemeji, mtoto akafika chuoni. Mwaka wa pili mbuzi hakuna, shemeji naye amechoka. Kwa utaratibu mpya wa masomo ulioanza mwaka 2021, lisansi ni miaka mitatu, na anayeendelea huongeza miwili. Uganga ni mrefu kupita hapo. Zidisha basi malipo ya chuo, chumba, chakula, vitabu na safari kwa miaka hiyo yote. Toka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilometa 200 za barabara inayojulikana na kila mtu aliyeipita wakati wa mvua. Mwenye kuelekea Bukavu afikiri pia usalama, kwa maana mji ule ulitekwa na M23 mwezi wa Februari 2025. Chuo cha karibu unachoweza kukimaliza chafaa kuliko chuo cha mbali utakachokiacha katikati.

Pili, hesabu ya chuo chenyewe. Usidanganywe na kibao kilichopakwa rangi nzuri. Uliza: Je, chuo hiki kimekubaliwa na Serikali, na diploma yake inatambuliwa? Walimu wake wanakaa hapo, au hupita kama wageni? Wanaojifunza uuguzi wana hospitali ya kufanyia mazoezi? Wanaojifunza kilimo wana shamba? Waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Mtafute mmoja wao umwulize kwa siri. Padri wa parokia yako na mwalimu wako wa zamani nao watakusaidia kuuliza.

Tatu, hesabu ya vipaji vyako. Mungu hakuwapa wote talanta sawa. Aliyepita hesabu kwa shida miaka yote ya sekondari, kisha anataka uinjinia kwa sababu jina ni tamu, anajitayarishia machozi. Vijana wengi huchagua sheria wapate kuitwa «Maître», au uganga wapate kuitwa «Docteur». Jina si kazi. Jichunguze: ni jambo gani ninalolifanya vizuri hata nisipolazimishwa?

Nne, na hii ndiyo hesabu inayosahauliwa: hesabu ya watu. Nikisha kujua kitu hiki, nani atapona, nani atakula, nani atasoma kwa sababu yangu?

Kasongo yetu inaweza kutufundisha jambo hili. Katika miaka ya 1970 waganga wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walifanya kazi hapa pamoja na Wakongomani. Hawakutafuta kujenga hospitali kubwa tu. Walijaribu kuweka vituo vidogo vya afya karibu na vijiji, kila kituo na wauguzi waliofundishwa vema, na hospitali ya Kasongo nyuma yao kwa magonjwa mazito. Mafunzo ya kazi hiyo yalisaidia kuunda zone za afya ambazo nchi nzima inazo leo. Angalieni basi: nguzo ya mpango ule ilikuwa muuguzi wa kituo, mtu asiye na jina kubwa. Kijana anayedharau uuguzi, ualimu au kilimo, kwa kuwa si vyeo vya juu, hajatazama vizuri nchi yake inasimama juu ya nani.

Hapa mtu ataniuliza: «Je, ni lazima nirudi kijijini? Nikipata kazi Lubumbashi au Kinshasa, nimetenda dhambi?» Swali ni la haki, tulijibu bila kujificha. Hapana, si dhambi kukaa mbali. Mungu huwaita wengine waende, na Maniema pia inahitaji watoto wake huko kwenye maamuzi. Lakini elimu yako si mali yako peke yako. Ndani yake mna jasho la mama aliyetwanga mchele usiku, mna mwaka ambao mdogo wako wa kike alibaki nyumbani ili wewe uende. Deni hilo halilipwi kwa kupeleka feza tu siku ya msiba. Hulipwa kwa kuwa mtu wa msaada popote ulipo. Anayeona aibu kutaja kijiji chake mbele ya rafiki zake wa mjini, huyo amekwisha kuiba.

Nanyi wazazi, msikilize. Deni lina mipaka. Mtoto si duka mlilofungua, kila ndugu aje achukue bure. Wengine humlazimisha kijana kusoma asichokiweza, apate tu kulisha ukoo mzima mapema. Tena, mkiwa na binti mwenye akili kuliko kaka yake, kwa nini abaki yeye? Talanta iliyozikwa Mungu ataidai kwa yule aliyeizika.

Tunao mfano wa mtu aliyejua alisoma kwa ajili ya nani. Askofu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, alisoma elimu ya jamii huko Louvain, Ubelgiji. Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu ilipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa Lovanium, yeye aliyekuwa mlezi wa Wajesuiti vijana aliomba kuingizwa pamoja nao. Baadaye alikuwa askofu wetu wa Kasongo, kisha Askofu Mkuu wa Bukavu. Vita ilipofika hakukimbia watu wake, na tarehe 29 Oktoba 1996 aliuawa katika mji huo. Elimu yake haikuwa ngazi ya kupandia juu ya watu ili awaache chini.

Sasa, namna ya kujitayarisha. Usingoje matokeo. Anza mwaka wa mwisho kusoma Kifaransa kila siku, hata ukurasa mmoja, na kuandika kwa ufupi ulichosoma, maana wengi huanguka mwaka wa kwanza si kwa kukosa akili bali kwa kutoelewa maneno ya mwalimu. Jifunze kompyuta ukipata nafasi, hata saa moja kwa juma. Tunza bulteni zako na cheti cha kuzaliwa mahali pakavu. Jifunze kupika bugali wako, kufua nguo zako, na kuandika matumizi ya kila siku katika daftari. Uwe na kazi ya mkono, useremala au ushonaji, itakayokulisha siku feza za nyumbani zikichelewa. Ukishindwa kwenda chuo mwaka huo, usikimbilie machimbo ya zahabu ya Salamabila kwa hasira. Hata kampuni kubwa ya Banro ilisimamisha kazi yake Namoya mwaka 2019. Shimo huwapa wachache na huwala wengi. Mwaka wa kungoja, ukiutumia kufundisha shuleni au kulima, si mwaka uliopotea.

Lakini maandalio makubwa ni ya moyo. Utakuta huko watu watakaokuambia kwamba pointi zinanunuliwa, kwa feza au kwa mwili. Uamue tangu leo. Anayenunua pointi za uuguzi, siku moja mtoto wa mtu atakufa mikononi mwake. Anayenunua za ualimu, atauza ujinga kwa kizazi kizima.

Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria papo hapo Goma, akapata kazi katika ofisi ya Serikali inayokagua bidhaa mpakani. Walimletea feza apitishe chakula kilichoharibika. Akakataa, kwa kuwa alijua nani atakila. Mwezi wa Julai 2007 walimteka, wakamwua, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Diploma yake ilikuwa kama za wengine. Tofauti ni kwamba, siku ile aliyoletewa feza, alikwisha kuamua zamani anamtumikia nani.

Basi, mwanangu, baba akikuita barazani, usiseme tena «popote». Keti kwanza, uhesabu, usali. Kisha mjibu hivi: «Baba, nataka kujifunza kazi hii, kwa sababu naiweza, kwa sababu tunaweza kuilipia mpaka mwisho, na kwa sababu watu hawa wanaihitaji.» Ukiweza kusema hayo matatu bila kudanganya, nenda, na baraka ya wazazi iende nawe. Ukiwa huwezi bado, ngoja kidogo, uulize tena. Mungu hana haraka, naye hamsahau anayemtafuta kwa kweli.