Mwili hauui kwa dhana

Ndugu msomaji, mtu anapoitiwa mwizi sokoni, nani huuliza kwanza? Mawe hutangulia, tairi hufuata, na ukweli huja wakati wa mazishi. Wapo wanaojitetea kwamba jamii ni kama mwili, kiungo kilichooza hukatwa. Basi na tuutazame huo mwili.

Watu wa Ifakara na bonde zima la Kilombero wanaijua malaria. Utafiti wa maradhi ulianza pale mwaka 1956, katika maabara ya Waswisi ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mbu akishauma, vimelea hukimbilia kwanza kwenye ini na kujificha ndani ya seli. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu wamo askari wanaoweza kuiua seli hiyo. Hubeba vifuko vya sumu: perforini hutoboa utando wa seli, granzaimu huingia na kuiamuru ijiue.

Lakini tazama utaratibu wake. Kila seli ya ini huonyesha nje vipande vya protini zilizomo ndani yake. Askari husogea, hugusa, huchunguza. Akikuta vya mwili wenyewe, hupita. Akikuta cha adui, ndipo humwaga sumu, tena mahali pale pale walipogusana, ili jirani asidhurike. Na kabla ya hapo alipitia tezi ya thaimasi iliyo kifuani, ambamo wengi wenye kuelekea kuushambulia mwili wao huangamizwa.

Atasema mtu: seli haina nia wala hesabu, itatufundishaje maadili? Kweli, na hata hukosea. Kisukari cha aina ya kwanza hutokea askari hao wanapoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Lakini ikiwa kisicho na akili kimewekewa uthibitisho na mipaka, na bado hukosea, sisi tutakaosimamishwa mbele ya Allah (SW) tuna udhuru gani wa kuua kwa kelele tu? Surat Al-Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na mafaqihi wameweka kanuni kwamba adhabu za hudud huondolewa na shaka, hata mbele ya kadhi. Umati wa sokoni hauna hata huyo kadhi.

Siku ukisikia kelele hizo, usiokote jiwe. Uliza, zuia, mtuhumiwa apelekwe polisi akiwa hai.

Wallahu a'lam.