Asilimia Ngapi Ndiyo Wizi?

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Nikiandika hivyo hakuna atakayenishitaki kwa wizi, ingawa katika maneno hayo hakuna hata moja lililo langu. Na tazama, ndugu msomaji, adabu iliyomo katika lugha yetu: hatuitupi methali hivi hivi, bali tunatanguliza "wahenga walisema". Ni maneno mawili tu, lakini yanatosha kumrudishia mwenyewe kilicho chake. Kadhalika Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alinakili kwa mkono wake tenzi nyingi zilizotungwa na wengine, nasi tunamheshimu kwa kazi hiyo. Kunakili, basi, si dhambi. Dhambi ni kuficha kwamba umenakili.

Nayasema haya kwa sababu mjukuu wangu, anayesomea mambo ya kompyuta, anatengeneza programu ya kutambua wizi wa maandishi ya Kiswahili kwa njia ya intaneti. Mwalimu atapeleka insha ya mwanafunzi, nayo programu itailinganisha na maandishi mengine iliyoyahifadhi. Alipokuja kuniomba insha za kujaribia, aliniuliza swali moja: "Babu, niweke asilimia ngapi ndiyo uwe wizi? Kumi na tano? Ishirini na tano?" Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, kwa maana si swali la hesabu.

Kwanza tuelewe jinsi chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Programu huondoa herufi kubwa na alama za uandishi, kisha huyakata maandishi katika vipande vya maneno machache yanayofuatana, tuseme sita sita. Vipande hivyo hulinganishwa na vya maandishi mengine, na vinavyolingana huhesabiwa. Basi. Katika Kiswahili kazi hii ina ugumu wake, kwa kuwa neno letu hubeba mengi mgongoni. Mwizi akibadili "aliwagawia" kuwa "amewagawia", jicho la mwalimu halidanganyiki, lakini kwa mashine ambayo haijafundishwa kuvichambua viambishi, hilo ni neno jingine kabisa na mfuatano umekatika. Kwa upande mwingine, mwanafunzi mwaminifu aliyeandika "madhumuni ya utafiti huu ni kuchunguza" ataonekana amefanana na mamia ya wenziwe, kwa sababu sisi walimu ndio tuliomfundisha kuandika hivyo.

Mwaka 2001 mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Virginia nchini Marekani, Louis Bloomfield, aliandika programu ya namna hii baada ya kudokezwa na mwanafunzi kwamba wapo wanaonakili insha za wenzao. Alilinganisha insha za mihula kadhaa, akitafuta mahali penye maneno sita mfululizo yaliyofanana. Wanafunzi 122 walitajwa mwanzoni, katika chuo ambacho wakati huo aliyepatikana na hatia ya udanganyifu alikuwa na adhabu moja tu, kufukuzwa. Uchunguzi ulipofanywa, wengi wa walioshukiwa hawakutiwa hatiani. Wamo walioziandika insha zao wenyewe, zikanakiliwa na wengine. Mashine iliona kweli kwamba karatasi mbili zinafanana. Haikuweza kuona ni nani aliyemnakili nani.

Hata bila mashine sisi nasi tuliyaona hayo. Mwaka 1994, katika chuo cha ualimu nilichokiongoza, wanachuo wawili walirudi kutoka mazoezi ya kufundisha na maandalio ya somo la Hisabati yaliyofanana neno kwa neno, hadi kosa la tahajia. Wakufunzi walielekea kumwona mwizi ni yule mwenye alama ndogo, na walitaka arudishwe nyumbani. Nikawaita vijana wale mmoja mmoja, nikawauliza swali lile lile: kwa nini zana ya kuhesabia ni vizibo vya soda? Wa kwanza alijibu, "Mkuu, ndiyo zana iliyofaa." Wa pili alisema, "Mkuu, nilianza na kokoto, watoto wakawa wanarushiana. Jirani na shule kuna duka, vizibo vinazagaa pale, nikawatuma wakaviokote." Huyo wa pili ndiye aliyekuwa na alama ndogo.

Kama tungekwenda kwa asilimia, wote wawili walikuwa na mia kwa mia. Kilichowatenganisha ni swali la "kwa nini", ambalo hujibiwa na aliyeifanya kazi mwenyewe.

Hapana shaka wapo watakaoniambia, "Mzee, wewe ulikuwa na vijana wawili mbele yako, sisi tuna mia mbili." Naam, hoja hiyo ni nzito, wala siwabezi wanaoisema. Chombo hiki kina haki ya kuwapo. Kijana aliyekesha akiandika ana haki ya kulindwa dhidi ya yule aliyelala kisha akanakili, na mwalimu mmoja hawezi kukumbuka kila ukurasa alioupitia. Lakini kumsaidia mwalimu kuona ni jambo moja, na kuhukumu kwa niaba yake ni jambo jingine. Mtoto anapofukuzwa chuo kwa wizi harudi nyumbani na barua tu. Anarudi na jina ambalo litamtangulia kila atakapoomba kazi.

Na hatari imezidi tangu mashine zenyewe zilipoanza kutunga insha. Sasa zimetokea programu zinazodai kubainisha insha ya mtu na ya mashine, nazo hazina hata karatasi ya pili ya kulinganisha, zinakisia. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilikiondoa chombo chake cha aina hiyo mwezi Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za namna hiyo kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilisemwa kuwa kazi ya mashine. Fikiria mwanachuo wetu, aliyejifunza Kiingereza kwa taabu na anayetumia maneno machache anayoyaamini, akiambiwa kwamba unyenyekevu wake huo ndio ushahidi wa wizi!

Kwa hiyo jibu langu kwa mjukuu ni hili: usiweke asilimia yoyote. Insha yenye sehemu kubwa ya maneno ya wengine, yote yakiwa yametajwa wenyewe, ni kazi safi. Insha iliyochukua aya moja tu kwa siri, na aya hiyo ikawa ndiyo roho ya kazi yote, ni wizi. Programu yako iziweke karatasi mbili ubavuni, ipige mstari palipofanana, kisha inyamaze. Chini yake acha nafasi mbili tupu. Katika ya kwanza mwalimu aandike alichomwuliza mwanafunzi, na katika ya pili aandike alichojibiwa. Nafasi hizo zisipojazwa, kesi isiende mbele.

Mjukuu wangu anasema walimu hawatapenda, kwa kuwa itawaongezea kazi. Huenda ni kweli. Lakini kazi hiyo ndiyo ualimu wenyewe, na anayeikwepa ana haki gani ya kumlaumu mwanafunzi aliyekwepa ya kwake?