Mtoto mdogo na wafu wa Agosti

Tarehe mosi Agosti ni Siku ya Wazazi nchini Kongo, sikukuu ya mapumziko, na utaratibu wake hauhitaji kutangazwa. Asubuhi watu huenda makaburini na majembe na mafagio kung'oa nyasi na kusafisha walipolala wazazi wao. Mchana hurudi nyumbani kuwasherehekea wazazi walio hai kwa bukari, nyama na vinywaji. Kesho yake, tarehe 2, taifa huwakumbuka watu waliouawa katika vita na mauaji ya miongo hii mitatu, kumbukumbu inayojulikana kwa jina la Genocost, iliyopewa nafasi rasmi na sheria ya tarehe 26 Desemba 2022. Siku hiyo ilichaguliwa kwa sababu vita vya pili vya Kongo vilianza tarehe 2 Agosti 1998. Shule zimefungwa, watoto wako nyumbani, na mzazi wa Kasulo, mtaa wetu hapa Kolwezi, ana swali moja kwa siku zote mbili: huyu wa miaka mitano aende, au abaki kwa jirani? Nasema siku ya kwanza aende, tena apewe kazi. Siku ya pili ingefaa ijifunze kwa ya kwanza kabla hatujawaleta watoto uwanjani kusikiliza hotuba.

Wanaotaka abaki husema kwamba haelewi, na ushahidi wanao. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Maria Nagy alichapisha utafiti wake juu ya watoto wa Hungaria wa miaka mitatu hadi kumi. Wale wadogo, chini ya miaka mitano hivi, walikiona kifo kama usingizi au safari. Ni karibu na umri wa miaka tisa walipoanza kukiona kuwa ni mwisho unaomfikia kila mtu. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba kukumbuka ni kuelewa, au ni kuhuzunika. Ikiwa ni hivyo, basi na mjukuu mzima aliyezaliwa baada ya babu yake kufa hana la kufanya pale kaburini, kwa kuwa hana huzuni ya kuleta. Mimi naona kukumbuka ni deni, na deni hulipwa kwa mikono. Mpe mtoto fagio, mwonyeshe aanzie kichwani ashuke hadi miguuni, mwache atafute herufi za jina lake mwenyewe katika jina lililoandikwa kwa rangi juu ya msalaba. Atauliza kama aliye chini anasikia. Atachoka, atataka maji, atakimbizana na binamu zake kati ya makaburi mpaka shangazi amkaripie. Kaburi litakuwa limefagiliwa hata hivyo, na machozi ya mkubwa yasingelifagia vizuri zaidi.

Hofu ni pingamizi zito zaidi. Mtoto atarudi na ndoto mbaya, wanasema, na utoto ni mfupi. Mahali pengine ningesita. Kasulo ni mtaa ambao mwaka 2014 madini ya kobalti yaligunduliwa chini ya nyumba za watu, na muda si muda mashimo yakachimbwa uani, jikoni, hata chini ya vitanda. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilitaja wachimbaji wasiopungua 80 waliofia ardhini kusini mwa Kongo kati ya Septemba 2014 na Desemba 2015 peke yake. Mtoto aliyekulia hapo amekwisha kusikia vilio vya jirani usiku na kuona watu wakikusanyika kwenye mdomo wa shimo. Kifo anakijua, asichokijua ni namna ya kukaa nacho. Wakubwa nao humwambia kwamba baba amesafiri, au amelala. Aliyeambiwa hivyo na kulichukua neno lilivyo atamngojea barabarani, au ataogopa kufumba macho. Kaburi linalosafishwa mchana, jua likiwaka, pamoja na jamaa wanaotaniana, linamtisha kidogo kuliko uongo huo.

Yapo pia makanisa ya uamsho yanayokataza safari yenyewe, yakisema ni kuabudu wafu, na yakikumbusha jinsi Yesu alivyomjibu mtu aliyetaka kwanza akamzike baba yake. Sina ugomvi na onyo hilo pale familia inapomwaga bia juu ya kaburi na kumwomba marehemu awape bahati shimoni. Mtoto anayeona hayo anafundishwa jambo jingine kabisa, na mzazi ana haki ya kulikataa. Ila Biblia hiyohiyo imempa mtoto nafasi ya kwanza katika kukumbuka. Katika Kutoka sura ya 12 Pasaka inaamriwa kwa kutazamia kwamba watoto watauliza maana yake. Katika Yoshua sura ya 4 mawe kumi na mawili yanatolewa katika Yordani na kusimamishwa Gilgali, ili siku moja watoto waulize ni ya nini. Utazame mpangilio: tendo linatangulia, swali linafuata, maelezo yanakuja mwisho. Sisi hupindua, tukidai mtoto aelezwe kwanza ndipo aruhusiwe kushiriki, kisha tunashangaa anaposinzia.

Mawe ya Gilgali hayakuwa makaburi, na hilo lina faida Kasulo, maana wapo waliofukiwa na udongo na miili yao haikupatikana. Wapo pia walioondoka: mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilikabidhiwa kampuni ya Congo Dongfang Mining, mamia ya familia zikahamishwa, na eneo likazungushiwa ukuta. Mtoto afagie wapi? Tusiseme kwamba mahali si kitu. Mwili wa Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, aliyeuawa hapa Katanga tarehe 17 Januari 1961, uliyeyushwa kwa asidi makusudi ili asiwe na kaburi. Ubelgiji ilipolirudisha jino lake tarehe 20 Juni 2022, lilizungushwa nchini siku kadhaa, likafikishwa hadi Shilatembo alikopigwa risasi, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Jino moja! Binadamu anataka kitu cha kusimama mbele yake. Basi familia isiyo na kaburi ichague mahali, mti uani au jiwe, ipasafishe asubuhi hiyohiyo, na jina litajwe pale na mtoto mwenyewe.

Sasa tarehe 2. Hapa ndipo ninapotengana na wanaharakati wanaotaka watoto wote wawepo, wakiamini kwamba kuchelewesha ni kusahau na kusahau ni kuwasaidia wauaji. Wanayo haki ya kukasirika: ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili kati ya Machi 1993 na Juni 2003, na waliojibu mbele ya mahakama ni wachache mno. Lakini kudai haki ni kazi ya watu wazima. Mtoto wa miaka sita anayesikiliza hotuba ya mauaji hachukui tarehe wala sababu; anachukua "nani", na "nani" kwake ni kabila, lugha au sura ya mtu wa sokoni. Jumba la kumbukumbu la Gisozi, Kigali nchini Rwanda (najua kuutaja mji huo siku hizi kunawaudhi wengi kwetu) lina chumba cha watoto waliouawa mwaka 1994, penye picha na maelezo ya chakula ambacho kila mmoja alikipenda. Chumba hichohicho kinaeleza jinsi walivyouawa, jambo nisilolipeleka kwa mtoto wa chekechea. Nusu ile ya kwanza ndiyo inayomfaa: jina, chakula, mchezo, kisha mshumaa auwashe yeye.

Swali la "nani aliwaua" litakuja baadaye, pengine akiwa na miaka tisa au kumi, na hapo halikwepeki. Ajibiwe kwa matendo na majina ya waliotenda pale yanapojulikana, bila kuwabebesha watu wote wa kabila au nchi. Na Kolwezi jibu halina budi kuanzia nyumbani. Ripoti ile ya mwaka 2010 inaanza na mwaka 1993, wakati jeshi la Rwanda lilikuwa bado halijavuka mpaka: ni wakati ambapo familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa nyumbani kwao katika miji hii ya shaba, zikarundikana kwenye stesheni za reli kungoja treni, na watu wakafa kwa njaa na magonjwa wakisubiri. Waliowafukuza walikuwa majirani. Baadhi ya familia hizo zilirudi, na wajukuu wao huketi dawati moja na huyo mtoto anayeuliza.