Dini ni Fimbo ya Watawala? Swali Lililonishinda



Vijana wenzangu, leo naandika juu ya swali ambalo lilinishinda, tena mbele za watu.

Nilikuwa kwenye mwaka wa kichungaji, parokia moja ya huku Ngara, karibu na mpaka wa Rwanda. Jumapili moja mchana, mwisho wa kikao cha VIWAWA, kijana mmoja akanyoosha mkono. "Frateri, usinikasirikie. Hivi dini si njia tu ya wakubwa kuwatuliza watu, na wakitaka, kuwapeleka vitani?"

Kusema kweli nilifurahi. Digrii ya falsafa nimeisomea, na hapa nikaona zamu yangu imefika. Nikaanza na Machiavelli, aliyewasifu Waroma wa kale kwa kuitumia dini kuwaweka raia na askari sawa. Nikaja kwa Karl Marx, aliyeifananisha dini na kasumba. Nikawajibu wote wawili, mmoja baada ya mwingine, nikafunga hivi: dini haina kosa, kosa ni la watu wanaoitumia vibaya. Wenzake wakapiga makofi. Yeye hakupiga.

Tulipokuwa tunapanga viti akanifuata. Akasema taratibu, "Frateri, bibi yangu alivuka mpaka mwaka 1994. Rozari anasali kila siku, ila kanisani haingii. Kwao watu walikimbilia kanisani wakijua ndiyo salama yao, wakauawa humohumo. Sasa nikamwambie ni watu tu waliitumia vibaya?"

Nilikosa la kusema. Usiku ule usingizi ulikuwa wa shida.

Ndugu zangu, tuseme ukweli bila kuzunguka. Mwaka 1994 zaidi ya nusu ya Wanyarwanda walikuwa Wakatoliki. Wengi waliouawa na wengi waliowaua walikuwa wamebatizwa kwa ubatizo uleule. Huko Nyange, mwezi Aprili, watu wapatao 2,000 walijificha ndani ya kanisa la parokia, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwamo ndani. Padre aliyekuwa akiongoza parokia ile alishtakiwa hapa kwetu Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha maisha.

Wapo pia mapadre, watawa na walei waliouawa kwa sababu walikataa kuwatoa waliowaficha. Hao tunawashukuru Mungu. Lakini tusiwafanye pazia la kufunikia mengine.

Maana jambo lile halikuota usiku mmoja. Miaka ya 1930 serikali ya Kibelgiji iliandika kabila kwenye vitambulisho. Shule za misheni kwa muda mrefu ziliwapendelea Watutsi, kisha upepo ulipogeuka, wamisionari wengi wakageukia upande wa Wahutu. Baada ya uhuru, askofu mkuu wa Kigali alikaa miaka mingi kwenye kamati kuu ya chama tawala. Jamani, mchungaji akizoea kula meza moja na mtawala, siku mtawala akigeuka mbwa mwitu, yowe atalipiga saa ngapi?

Ndiyo maana lile jibu langu la "ni watu tu" halikutosha. Machi 2017 Papa Fransisko alipokutana na Rais wa Rwanda, alimwomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na za wanakanisa. Hakuishia kusema "wachache wetu walikosea". Kama Baba Mtakatifu aliweza kulisema hilo, mimi frateri najificha wapi?

Kwa hiyo swali la yule kijana ni la haki. Dini inaweza kuwa fimbo. Tena Injili ilishatuonyesha. Soma Yohane 11: Kayafa, kuhani mkuu, ndiye aliyetoa hoja kwamba ni afadhali mtu mmoja afe ili taifa lisiangamie. Hekalu likapeleka mashtaka, Pilato akatoa askari. Ina maana kila tukitazama msalaba tunamwona mtu aliyeuawa na dini iliyoshikana mikono na dola. Bwana wetu yuko upande wa waliopigwa na fimbo ile. Nasi tukiishika, tunampiga yeye.

Je, basi tuache Kanisa, kila mtu asali kwake? Hapo nawakumbuka waseminari wa Buta, nchini Burundi.

Tarehe 30 Aprili 1997, alfajiri, watu wenye silaha waliingia kwenye bweni la seminari ndogo ya Buta. Wakawaamuru vijana watengane: Wahutu upande huu, Watutsi upande ule. Vijana wakakataa. Waliuawa 40.

Mimi ni mseminari. Najua bweni la seminari lilivyo, kitanda kwa kitanda. Najua kengele, ratiba, Misa ya asubuhi, gombera anayesema jambo lilelile mpaka unachoka. Vijana wale walilelewa na dini yenye mpangilio, hiihii tunayoilalamikia. Nchi yao ilikuwa vitani, Wahutu na Watutsi wakiuana nje ya ukuta, na wao walikula sahani moja. Hawakuwa na dakika ya kutafakari alfajiri ile. Walichojibu kilikuwa kimeshajengwa ndani yao siku nyingi.

Kwa hiyo kipimo changu leo ni hiki: dini yangu inanifundisha kutengana, au inanifanya nishindwe kutengana? Dini ya aina ya kwanza, mwenye bunduki akija ataikuta tayari kwa kazi yake. Ya pili haimfai kitu.

Na tusisubiri bunduki. Kwenye jumuiya yako, je, kuna kabila mnalichekea pembeni? Mwanasiasa akileta bahasha kubwa, je, anapewa na maikrofoni? Jirani Mwislamu au Mlokole, unamsemaje akiwa hayupo? Bweni la Buta lilianzia kwenye mambo madogo kama hayo.

Wiki iliyofuata nilimwomba yule kijana anipeleke kwa bibi. Sikubeba hoja. Nilimwamkia, nikamwambia, "Bibi, nakuomba msamaha." Akanitazama muda mrefu, halafu akamwambia mjukuu wake alete mkeka. Tukasali rozari chini ya mwembe, matendo ya uchungu. Tulipomaliza akasema, "Frateri, njoo tena."

Kanisani hajaingia mpaka leo. Nami sikumwambia aingie. Namwombea, na najiombea mimi zaidi, ili siku nikipewa upadre, mtu akikimbilia kwangu asijute.

Tusali: Bwana Yesu, uliyeuawa nje ya mji, utuondolee fimbo mikononi. Utufanye watu wasioweza kutenganishwa. Amina.

Mashahidi wa Buta hawajatangazwa bado, lakini ukiwa faraghani waweza kuwaomba. Mimi huwaomba kila nikisikia kengele ya asubuhi.

Ni mimi frateri wenu. Tuombeane.