Kipande cha Alasiri

Tumeulizwa: je, alaye kila alasiri kipande cha protini kilichofungwa katika karatasi ya kung'aa, yuna lawama? Twasema, asili yake si haramu. Ila chenye jelatini isiyotajwa mnyama wake na tukiache. Vipande vya PowerBar viliundwa Marekani katika miaka ya 1980 kwa wakimbiaji wa masafa marefu. Nasi twavila tumeketi dukani! Vingi vina gramu 20 za protini, na mbaazi nazo zinayo. Lakini mbaazi huliwa barazani, na apitaye hukaribishwa. Hiki hutoka mfukoni kikaenda kinywani pasi na mwenzi. Sisi wenyewe juzi tulimgeuzia mgongo mtoto wa jirani, tupate kukimaliza.